Geji ya Joto

Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, na Waya hakuzima injini.

Aliweka kiganja juu ya injini. Akahesabu hadi kumi. Kiganja hakikuungua.

"Muongo wewe," aliuambia mshale.

Akazima pampu ya kutoa maji botini. Mshale ukashuka. Akaiwasha tena. Ukapanda. Injini haichemki kwa sababu ya pampu ndogo vile. Ugonjwa ulikuwa kwenye nyaya.

Waya ndilo jina alilopewa kwenye idara ya upelelezi. Wenzake walipewa majina ya simba na chui. Yeye alipewa jina la kitu chembamba kisicho na makelele, kinachopita ndani ya ukuta, na ukikishika vibaya unazikwa.

Boti ile kuukuu aliinunua juzi, akijifanya mjane mfanyabiashara wa barafu. Aliyemuuzia ni dalali waliyemwita Asali, kwa utamu wa ulimi. Watu wanne waliwahi kununua boti kwake na kupotelea baharini.

Wa nne alikuwa kaka yake Waya, tumbo moja. Alikutwa maiti siku ya nne, akielea na jaketi la kuokolea, midomo imepasuka kwa kiu. Boti haikuonekana tena.

Asali alipohojiwa aliapa kwa machozi. "Nilishauza! Kilichouzwa si changu!"

Wakamwachia.

Waya alilala chali chini ya usukani, tochi mdomoni. Akaufuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, mpaka akakuta umekatwa na kuungwa ovyo. Katikati ya maungio palikuwa na kidubwasha cheusi, kidogo kama kiberiti.

Kilikuwa kinamulika.

"Kifaa cha kufuatilia," alinong'ona. Aliyekipachika alikuwa na haraka. Athi ililegea, na kila umeme ulipotumika, geji ilipiga kelele bure.

Akahamia kwenye mafuta. Alikuwa amezunguka saa mbili nzima, lakini geji ilisema tangi limejaa. Akafungua kifuniko, akavuta boya la geji, linaloshuka mafuta yakishuka.

Lilikuwa limefungwa juu kwa waya wa shaba.

Akatumbukiza kijiti. Kiligonga chini baada ya shubiri moja. Kwa nje, tangi lilikuwa shubiri tatu.

Akatoboa ubavu wa chini, akapenyeza kamera nyembamba kama utumbo wa kuku. Kwenye simu yake ya Samsung vikaonekana vipakiti vimepangwa kama matofali. Viwashio vya mabomu.

Sasa alielewa. Mnunuzi anaamini geji, anaondoka. Mafuta yanamwishia katikati ya bahari. "Waokoaji" wanafuata kile kimulimuli, wanachukua boti na mzigo, mnunuzi wanamtupa majini.

Kaka yake aliamini mshale.

Redio ya Motorola ikakoroma. "Waya, picha zako nimeziona. Tumkamate Asali?" Alikuwa mkuu wake wa kazi.

"Kwa kosa gani, mkubwa? Hati ya boti ina jina langu. Atasema ameshauza. Lazima ashikwe amekalia mzigo wake."

"Utamwekaje juu yake?"

"Nitamlalamikia."

Kwanza alikibandua kile kidubwasha, akakibandika chini ya lori la takataka lililokuwa likiondoka gatini. Waokoaji wakafuate maganda. Kisha akaiunga athi, akaikaza. Geji ya joto ikapona, ikawa mkweli.

Mwisho akafunga koki ya maji ya bahari, yale yanayopoza injini.

Akapiga simu.

"Shikamoo, kaka." Neno "kaka" alilitema kama mwiba wa samaki.

"Marahaba, dada yangu! Boti inakimbia?"

"Inakimbia, ila geji ya joto inaruka kwenye nyekundu."

"Aah! Hiyo ina wazimu tangu zamani. Usiijali. Wewe kanyaga tu!"

"Na mafuta hayashuki."

"Si baraka hiyo? Wenzako wanalia yanaisha, wewe unalia yamejaa!" Akacheka.

"Nimemwita fundi wa kuchomelea. Mchana huu analipasua tangi aangalie."



"Usiliguse," alisema Asali. Utamu ulikuwa umekauka. "Nakuja mwenyewe."

Dakika ishirini baadaye viatu vyeupe vya Asali vilitua botini.

"Dada, nenda ofisini kwangu. Karani atakupa boti nyingine, nzuri kuliko hii."

"Kwa hiyo hii si yangu tena?"

"Si yako. Ni yangu, na kila kilichomo."

Kifungo cha tatu cha blauzi ya Waya kilirekodi kila neno. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni. Vidole vilimwasha. Akaikunja mikono na kushuka.

Injini ikanguruma. Asali akaondoka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Ametoka," Waya aliiambia redio.

"Tumzibie njia?"

"Injini itamzibia."

Aliitazama saa yake ya Casio. Dakika tisa. Mbali kule, moshi mweusi ukapanda.

Akahamia chaneli ya dharura. Sauti ya Asali ilikuwa tayari inalia.

"Msaada! Injini imekufa!"

"Geji ilisemaje, kaka?"

"Dada? Ilisema nyekundu! Lakini ile ina wazimu..."

"Niliitibu asubuhi."

Mawimbi yakasikika yakigonga boti.

"Dada, nivute. Jua linaniua. Sina hata maji ya kunywa."

"Mnunuzi wako wa nne, mwenye kovu kidevuni. Naye aliomba maji?"



"Aliomba."

"Mkampa?"

"Dada, tafadhali..."

"Aliyekuwa na haki ya kuniita hivyo mlimtupa majini."

Mkuu akaingia kwa redio nyingine. "Waya, doria wanamwona. Amekalia mzigo, hana pa kwenda. Tumchukue?"

"Saa kumi."

"Sasa ni saa saba! Kanuni zinasema..."

"Kaka yangu alipewa siku tatu, mkubwa. Mimi nampa saa tatu."

Mkuu akakohoa.

"Betri yangu imeisha," alisema. "Sikusikii vizuri."

Waya alinawa grisi, akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda kinachotazamana na gati. Aliagiza maji baridi. Aliiweka redio mezani, Asali akiwa bado anabembeleza ndani yake, na akanywa taratibu mpaka tone la mwisho.

"Nikuongezee?" aliuliza mwenye kibanda.

"Niongezee, mama. Leo sina haraka."