Enesi, Subiri

—Dada, keki yangu iko wapi? Mtoto ameshabarikiwa, wageni wameshakula wali, sasa wanatazamana!

Enesi alisogeza simu mbali na sikio. Aliyefoka ni mteja wao, Leah wa Mlowo, na alikuwa na haki. Keki ilitoka Tunduma asubuhi, na mpaka jua linageuka ilikuwa bado ndani ya kenta, lori dogo la Boazi mwenzake wa kazi, katikati ya foleni ya malori ya mpakani.

—Nisamehe, dada yangu. Inakuja.

—Inakuja na lile gari lililoandikwa Subiri? Ndiyo maana!

Simu ikakatwa. Enesi akacheka kwa uchungu, maana Leah hakukosea. Kwenye ubao wa nyuma wa kenta, rangi nyekundu ilisema: ENESI SUBIRI.

Maneno hayo yalitoka enzi walipokuwa wakibeba kahawa ya Isansa, Boazi kwenye usukani, Enesi pembeni na mahindi ya kuchoma kwenye kanga, matope mpaka magotini na vicheko mpaka Mlowo. Siku moja mvua iliwakwamisha, Boazi akamshika mkono: "Enesi, subiri nijipange, nitakuja kwenu." Kesho yake akaenda kwa mchoraji. Heh! Msichana gani asingeyeyuka? Aliyeyuka, akasubiri. Kahawa ikapata wabebaji wengine, wao wakachukua kandarasi ya vifurushi vya haraka, na mtoto wa watu bado anasubiri.

Jioni Boazi akaingia ofisini amechoka.

—Pole, mama. Foleni ile...

—Usiniite mama! Boazi, uza hilo gari. Siku hizi tunabeba dawa, keki, vipuri. Vinataka pikipiki za kupenya na gari dogo kama Proboksi kwa safari za Mlowo. Wewe unapeleka keki moja kwa gari la magunia!

—Nikiliuza, nitakuwa nimeuza siku zetu zote.

—Unadhani mimi sizipendi? Nikisikia injini yake moyo bado unaruka. Lakini tutakula kumbukumbu mpaka lini?

Boazi akainama. Enesi akashusha sauti.

—Jumamosi Jofrey, yule mwenye duka Mlowo, anatuma mshenga kwa baba, Ihanda. Baba ameniuliza kama kuna mwingine. Nimjibu nini?

Boazi akafungua mdomo, na neno lililotoka, masikini wa Mungu, ni lile lile:

—Subiri...

Enesi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Siku zilizofuata hakwenda kazini, wala simu za Boazi hakupokea. Ijumaa ikaingia meseji: "Kesho kuna mzigo wa haraka. Njoo mapema, tafadhali." Akaapa haendi. Jumamosi akaenda, eti kurudisha funguo za ofisi tu.

Kenta haikuwepo. Pale ilipozoea kulala lilibaki doa la oili, na pembeni yake zilisimama Proboksi na pikipiki yenye boksi jekundu nyuma. Na Enesi, aliyepiga kelele iuzwe, akaegemea ukuta akalia kama aliyefiwa. Matope ya Isansa, mahindi, ile mvua, vyote vimeondoka na mnunuzi!

—Usilie, mzigo umeshatoka, sauti ya Boazi ikasema nyuma yake. Pikipiki ya pili imeupeleka Ihanda, kwa mzee Amoni.

—Kwa baba? Mzigo gani?

—Mzee Jairo, mshenga wangu. Huo mzigo ukichelewa unaharibika.

Kabla Enesi hajapata la kusema, simu yake ikaita.

—Shikamoo, baba.

—Marahaba, mama. Kuna mzee hapa kashuka kwenye pikipiki, kaingia mpaka sebuleni na helmeti kichwani. Anasema katumwa na Boazi. Wa Jofrey hawajafika, wamepiga simu, gari lao limekwama kwenye foleni. Sasa mwanangu, neno lako ni lipi?

Enesi akamgeukia Boazi. Mikononi ameshika kipande cha ubao wa kenta, kimekatwa kwa msumeno, rangi nyekundu imepauka: ENESI.

—Na kile kingine? akanong'ona.

—Kimekwenda na gari.

—Enesi! baba akaita. Unanisikia? Huyu mzee nimwambie asubiri?

—Hapana, baba! Enesi akajibu, machozi na kicheko pamoja. Hilo neno tumeshaliuza!