Neno Lililobaki Banki

Saa saba za mchana, jua la Kindu limewafukuza watu wote barabarani, Mama Mbelu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, ndani ya nyumba. Mara akasikia mlango unakwaruzwa kwa kucha. Hakuna hodi, hakuna jina. Kisha sauti ya mwanaume ikasema kwa upole, karibu kabisa na tundu la ufunguo:

"Chumvi imefika."

Bakuli likamponyoka. Maana jamani, maneno hayo yalikuwa yakijulikana na watu wawili tu duniani, na mmoja wao amekufa tangu mwaka elfu mbili na mbili.

Marehemu huyo ni mume wake, Ngoyi, fundi wa reli. Wakati wa vita, mji umezingirwa na chumvi imekuwa adimu kuliko dawa, mke na mume walipatana: giza likiingia usimfungulie yeyote, hata akilia, mpaka aseme "chumvi imefika". Askari gani angefikiria maneno kama hayo? Jioni moja Ngoyi akarudi mbio, akayasema. Mbelu alimsikia. Lakini nyuma yake alisikia na viatu vya askari, na kifuani alikuwa amembana Falone, mtoto wa miezi minane. Hakufungua. Ngoyi aliyasema mara tatu, na mara ya tatu alikuwa kama mtu anayeomba maji. Baadaye kukawa kimya.

Falone alipokua na kuuliza, aliambiwa papa, yaani baba yake, alitoka kazini asifike tena nyumbani. Uongo huo Mbelu aliubeba zaidi ya miaka ishirini. Kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu: mwanae aujue ukweli.

Kesho yake saa saba sauti ikarudi. Siku ya tatu ikaja na harufu, ile grisi ya treni ambayo Ngoyi alikuwa hawezi kuiosha mikononi, ikapenya chini ya mlango, ikatambaa sakafuni, ikapanda kwenye mapazia na kwenye shuka na kwenye nywele za Mbelu mwenyewe, hata alipojifunika kanga usoni aliivuta humo humo ndani ya kanga, na nje kucha zilikuwa zinashuka taratibu kutoka juu ya mlango hadi chini, zinafika kwenye komeo, zinatulia hapo, kama za mtu anayesubiri bila haraka.

Mbelu ni mama wa kwaya, Mkristo wa kutoka Kasai. Lakini mambo yakizidi kimo, nani anauliza dini? Alishusha kitambaa cha kichwa kikamficha uso, akapita njia ya nyuma hadi kwa Mwalimu Abedi, mwalimu wa Kurani anayeganga watu.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo si bwana yako, mama," alinong'ona. "Huyo njo jini. Amevaa sauti yake tu. Na jini hawezi kuingia ndani ya roho ya muntu kuchota siri. Anaokota ile iliwekwa inje. Neno hilo ulimupa nani?"

Mbelu akashika kichwa. Banki!

Alipofungua konti, akaunti ya kwenye simu, kijana wa banki, Cédric, alimwomba neno la siri la kumtambulisha siku atakaposahau kode, ile namba ya kuingilia. "Neno ambalo hakuna muntu analijua, mama." Na yeye, maskini, neno la namna hiyo alikuwa nalo moja tu maishani. Mwaka uliopita aliifunga konti, akatia sahihi, kadi ikakatwa mbele ya macho yake. Alidhani na neno limekufa hapo.

Alikwenda banki siku hiyo hiyo.

"Konti ilifungwa, mama," Cédric alisema, macho kwenye mashine. "Lakini vitu vya kuingilia hatuvifuti. Kode, namba ya simu, neno la siri, vinakaa miaka kumi. Hiyo njo utaratibu ya banki yetu."

"Miaka kumi! Mimi nilikuaminia, Cédric. Nilikupa kitu sikumupa hata mutoto wangu!"

"Ulitia sahihi, mama. Ilikuwa imeandikwa."

Imeandikwa! Kwa herufi za kutafutwa na sisimizi! Mbelu alilia pale pale mbele ya watu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Cédric akaona haya, akamtolea karatasi ya mashine. Ilikuwa na neno lake, na chini yake: *Mama asipopatikana, atafutwe binti yake Falone, mwalimu, Kailo.*

Mbelu alimpelekea Mwalimu Abedi karatasi hiyo. Mwalimu aliandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akamimina maji, akalaza karatasi humo. Wino wa banki ulilegea, ukawa rangi, ukawa maji machafu. Mbelu akaogeshwa kwa maji hayo.

"Nenda kwa amani," Mwalimu alisema. "Akija, hatakupata tena."

Kweli, hakuja. Siku tisa Mbelu alilala usingizi mnono, akaimba kanisani. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi ilikuwa nakala tu, na mashine ya banki haioshwi kwa zafarani.

Siku ya kumi, saa saba mchana, simu ikalia. Falone, kutoka Kailo.

"Mama," alinong'ona, "iko muntu kwa mulango. Anasema chumvi imefika. Anasema alikutafuta, hakukupata. Mama... anasema yeye njo papa."

"Falone, usifungue! Unanisikia? Usifungue!"

"Anajua jina yangu. Ananuka grisi."

"Si papa yako! Papa alikufa!"

"Unajuaje? Ulisema hakufikaka nyumbani."

Mbelu alifumba macho. Uongo haungemwokoa mtoto tena. "Alifika," akasema. "Alisema neno ile mara tatu. Nilimusikia. Askari walikuwa nyuma yake, na weye ulikuwa mikononi mwangu. Sikufungua, mwanangu. Nisamehe. Lakini huyu si yeye, nakuapia kwa Mungu!"

Kwenye simu Mbelu alisikia kucha zikishuka taratibu kwenye mbao.

"Miaka yote hii, mama," Falone akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto tena. "Ulimusikia, ukamwacha inje. Sasa unataka na mimi nimwache."

"Falone!"

Komeo likavutwa.

"Karibu, papa."