Msimamizi Asipokuwepo

"Mkanda wa B hamsini na mbili, rafu ya tatu, chini kulia," alisema Ramila bila kuinua kichwa.

Philipo aliandika. Alikuwa kijana wa Mtinko, aliyeanza kama mpakuaji mizigo katika duka hili la vipuri vya mashine za alizeti mjini Singida, kisha akajifundisha kutengeneza programu kwa simu yake. Lugha za kompyuta hakuzijua. Alieleza kwa Kiswahili anachotaka, akili mnemba ikamtengenezea fomu, naye akairekebisha taratibu hadi ikakaa sawa.

Ramila alikuwa binti wa mwenye duka. Stoo nzima ilikuwa kichwani mwake, wala hapakuwa na daftari. Kwa miezi mitatu walikaa wawili wakiihamishia kwenye kompyuta, na katikati ya mikanda na machujio wakapendana. Philipo alikuwa amepanga kwamba kazi ikiisha ndipo atakapopata uso wa kumwendea Mzee Mahendra kumwomba binti yake.

Akaandika agizo jipya: mzigo ukitoka stoo, Ramila aidhinishe.

Programu ikauliza: "Msimamizi asipokuwepo, nani aidhinishe?"

Philipo alicheka, akaandika kwamba yupo siku zote. Ramila akanyoosha mkono, akafuta, akaandika: Prashant.

"Kaka yako si yuko Arusha?"

"Anarudi mwezi ujao."

"Na wewe?"

Ramila alijifuta grisi vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Naolewa Mwanza. Baba aliwaomba wasubiri mpaka duka liweze kwenda bila mimi."

Philipo aliitazama skrini. Vipuri mia tisa vilikuwa vimeshaingia, vyote kwa mkono wake.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bado unanitajia mkanda mmoja mmoja."

"Baba alitaka kuleta mtaalamu kutoka Dodoma, wa wiki mbili. Mimi ndiye niliyesema yupo Philipo, bado anajifunza, atachukua muda. Ningekupata wapi miezi mitatu?"

Philipo alisema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuifuta kazi yote, sasa hivi. Ramila alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mteja anayetafuta kipuri kisichotengenezwa tena, kisha akamwambia kwamba Jumatatu mtu wa Dodoma angekuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho.

"Basi nitaongea na mzee."

"Anajua habari zetu, Philipo. Aliniuliza wiki ya pili. Nikamwambia nitaolewa alikochagua, ila wewe asikufukuze."

Mlango ulisukumwa. Mzee Mahendra aliingia akiwa ameshika miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vimebaki vingi?"

"Beringi tu."

Mzee aliwatazama wote wawili kwa muda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Philipo maini. "Msijichoshe," alisema, akatoka.

Ramila alishusha boksi la kwanza la beringi, akalikumbatia kidogo, akalirudisha juu.

"Ni kazi ya siku ngapi hii?" aliuliza.

Philipo alihesabu maboksi kwa macho, mstari kwa mstari, kama alivyozoea.

"Siku moja."

"Tukienda polepole?"

"Mbili."

"Basi tuache hapa kwa leo," alisema Ramila.

Philipo akafunga kompyuta.