Vifungo Juu ya Mkeka

Mama Chiriku alikuwa fundi wa kushona. Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, vipande vya kitambaa kila pembe. Binti yake wa miaka mitano aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Alipoamka aliongea, alipokula aliongea. Akikosa mtu, aliongea na sindano.

Lakini siku hizi Chiriku alikuwa kimya.

Mambo yalianza hivi. Mtoto wa jirani alirudi kutoka shule yake na kurasa zilizojaa herufi. Chiriku alirudi kutoka chekechea na udongo kwenye kucha.

"Leo mmefanya nini?" mama alimwuliza.

"Tumecheza."

Kila siku ni hilo hilo, tumecheza. Mama akaingiwa na wasiwasi, akaamua kumfundisha mwenyewe. Jioni alimshika mkono na kuukandamiza kwenye penseli. "Andika a. Siyo hivyo. Futa. Andika tena." Mtoto alilia, karatasi ikachanika, mama akapandisha sauti. Baada ya muda, Chiriku akiiona penseli tu anaingia chini ya meza ya kukatia. Kisha akasema shule hataki tena.

Jumatatu mama alimpeleka kwa kumvuta mkono, akamkabili mwalimu mlangoni.

"Mwalimu, uniwie radhi. Mwanangu hapa anacheza tu. Nataka kumhamisha."

Mwalimu hakukasirika. Alimtazama Chiriku, kisha akatazama dirishani.

"Mapazia yetu yamefumuka," alisema. "Njoo uyashone humu humu darasani wiki hii. Uone kwa macho yako, halafu Ijumaa uamue. Na kama una vifungo vya akiba, utuazime."

Basi mama akakaa pembeni na sindano yake, na kopo lake la vifungo likamwagwa juu ya mkeka. Mwalimu alipanga vyeupe mstari mmoja, na vyeusi mstari mwingine, kila kimoja kikitazamana na mwenzake.

"Vipi ni vingi zaidi, vyeupe au vyeusi?"

"Sawasawa," watoto walijibu.

Mwalimu akavitawanya vyeusi, mstari ukawa mrefu. "Na sasa?"

"Vyeusi," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

Mama alitaka kuruka kutoka kitini. Mwalimu akamwashiria atulie.

"Mbona hukumsahihisha?" mama aliuliza watoto walipotoka kucheza.

"Ningemsahihisha, angerudia maneno yangu bila kuelewa. Macho yake yanamwambia kuwa mstari mrefu una vitu vingi. Tumwache avishike, avipange, avifananishe. Ataona."

Jumanne walipiga makofi. Mwalimu alitaja neno, watoto wakalikata vipande, kofi moja kwa kila kipande. Ki-ti. Da-ra-sa. Kisha akamgeukia Chiriku. "Mama yako anashonea nini?"

Chiriku alifikiri. Akainua mikono. "Che-re-ha-ni."

Mama aliacha kushona. Neno hilo alikuwa nalo mdomoni tangu ujanani, na hakuwahi kusikia kuwa lina vipande vinne. Akalinong'ona, akipiga vidole gotini polepole. Kweli, vinne. Akajikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mtoto akisikia vipande vya neno," mwalimu alimweleza, "herufi zinapata pa kukaa. Asiposikia, herufi kwake ni michoro tu."

"Na udongo je? Kila siku anarudi na udongo."

"Shika mkono wake."

Mama akaushika. Ulikuwa laini, vidole kama vya mtoto mchanga.

"Vidole hivi havijakomaa kwa penseli," mwalimu alisema. "Akifinyanga udongo, akifunga vifungo, akichora mchangani, vinapata nguvu. Ukimlazimisha kabla ya wakati, vinamuuma, naye anachukia kuandika."

Mama aliukunjua mkono mdogo kiganjani mwake. Alikumbuka jinsi alivyoukandamiza mkono ule kwenye penseli.

Alhamisi vifungo vilirudi mkekani. Safari hii Chiriku alipanga mwenyewe, kimoja mbele ya kimoja. Mwalimu akavitawanya vyeusi tena na kuuliza vipi ni vingi zaidi. Chiriku alikunja uso. Akavirudisha vyeusi karibu, akavisukuma mbali, akavirudisha. Darasa zima lilimngoja. Mama alishika sindano hewani.

"Ni vile vile," Chiriku alisema taratibu. Kisha akamgeukia mwalimu kama anayemwonea huruma. "Mwalimu, umevitawanya tu. Hukuongeza hata kimoja."

Mama aliweka pazia chini. Hakuna aliyemwambia mtoto jambo lile. Lilikuwa limezaliwa kichwani mwake, pale pale, mbele ya macho ya mama.

Ijumaa mama alitundika mapazia. Habari ya kuhama hakuitaja, na mwalimu hakumwuliza.

Nyumbani penseli iliwekwa mezani pamoja na karatasi, na hakuna aliyelazimishwa kuishika. Jioni walipiga makofi ya majina ya vitu. Chiriku alihesabu sahani za chakula, akachora mchangani uani. Mdomo ulirudi, na mama alipochoka kumsikiliza alicheka badala ya kugomba.

Miezi ikapita, na darasani herufi zikaanza kufundishwa kidogo kidogo. Asubuhi moja mama alikuwa akishona, Chiriku ameketi sakafuni karibu na boksi la nyuzi.

"Mama, simamisha mashine kidogo. Unanipigia kelele."

Mama akatoa mguu kwenye pedeli. Chiriku aliweka kidole juu ya maandishi ya boksi. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"U," alisema. "Zi." Akapiga makofi mawili. "Uzi."

Akainua macho, yamemtoka. "Mama, hapa pameandikwa uzi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na pale kwenye mashine pameandikwa nini?"

Mama alisogeza kiti nyuma, akampakata mapajani, akamsogeza karibu na mashine asome mwenyewe.