Homa ya Chepngeno

Siku ya soko, Phelis alishuka kwenye pikipiki pale Sosiot na mfuko wa machungwa na dawa ya homa, roho mkononi. Alikuwa amefunga duka lake la ushonaji mjini Kericho bila hata kubadilisha viatu vya kisigino, na matope yalishavila. Asubuhi Kipkurui, mume waliyeachana naye mwaka jana, alimpigia simu kwamba binti yao Chepngeno amelala hoi. Shule zilikuwa zimefunguliwa siku mbili zilizopita, na mtoto alikuwa bado hajarudishwa. Kwa mapatano waliyotia sahihi mahakamani, likizo mtoto hukaa kwa baba, muhula kwa mama.

Kabla hajafika hata mwisho wa soko, huyo hapo Chepngeno karibu na wauza viazi, anaruka kamba, mashavu yamejaa mandazi. Kando yake Kipkurui na gunia lake la viazi, kavaa viatu vya gambuti na sweta ya kijani aliyofumiwa na Phelis mwenyewe. Bado alipendeza, na hilo lilimkasirisha Phelis zaidi.

Mtoto alipomwona mama, alianza kukohoa.

"Baba alisema nikikuona nikohoe," alieleza.

Damu ilimpanda Phelis kichwani. Alimwaga yote mbele ya wauza viazi, hakumwachia hata moja. Kipkurui akajitetea kwamba siku zote amepiga simu bila kujibiwa mpaka amechoka, na kwao mtoto akiugua wazazi hukutana hata kama wamegombana.

"Nilijua ukisikia ni mgonjwa utakuja," alisema. "Rudi nyumbani, Mama Chepngeno. Tuoane tena, tumalize hii maneno ya korti."

"Mimi nakupenda, mjinga wewe. Nakupenda mpaka najichukia. Lakini umefunza mtoto wangu uongo."

Wako wanaume wanaodhani mtoto ni chambo cha kumnasia mamake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia penye viazi.

Phelis akamwambia waende wote Kericho, ofisi ya watoto, akaseme kwa mdomo wake alichofanya.

"Na wakininyima likizo?"

"Basi utakuja kunitafuta bila mtoto wa kushikilia. Hapo nitajua kama ni mimi unataka."

Likizo ndizo siku pekee ambazo nyumba ya Kipkurui ilikuwa na kelele. Phelis alimpandisha Chepngeno kwenye ile pikipiki iliyomleta, akapanda, akamwambia dereva aende. Kipkurui akamwachia jirani gunia lake la viazi na kumwomba dereva asubiri kidogo.

Phelis hakumtazama. Bado alitamani kumpiga kofi. Alisogea mbele kwenye kiti cha pikipiki, akamwachia nafasi ya kupanda.