Jua la Bombay

Maji yalisikika kwanza. Kila alfajiri hupita kimya kimya katika falaji, mfereji unaonywesha mitende ya Ibra. Siku ile, katikati ya Ramadhani ya 1984, yalikuwa yakifurika kwa kishindo shambani kwa Mzee Khalaf. Inspekta Thuwaini aliufuata mlio, akamulika tochi. Kilichouziba mfereji ni Mzee Khalaf mwenyewe, amelala chali, kisogo kimepasuka.

Daktari aliukagua mwili. "Amekufa jana, kabla ya magharibi. Tumbo tupu, hakuwahi kufuturu."

Nyumbani kwa marehemu mlikuwa na msiba mwingine. Jana ile ile walikuwa wamemzika mjukuu wake Azza, mtoto wa miaka minne mwenye maradhi ya moyo. Nadhir, baba wa mtoto, alikuwa Bombay akimtafutia kitanda hospitali.

Shukriya, mke wa Nadhir na binti wa Mzee Khalaf, alisimama mlangoni. "Jana mwanangu, leo baba yangu. Nimebakiwa na Nadhir tu, Bwana Thuwaini. Mwacheni."

Thuwaini angetamani kumwacha. Akaingia, akamkuta Nadhir ndani.

"Umefika lini, Nadhir?"

"Jana usiku. Watu wanatoka tarawehe."

"Ndege ya saa ngapi?"

"Ya saa kumi na nusu alasiri, saa za Bombay."

"Ukafuturu wapi?"

"Angani. Jua limezama dirishani, nikala tende zangu."

"Tende za Ibra zimekwenda Bombay na kurudi!" Koplo Humoud alicheka. "Zina pasipoti?"

Thuwaini hakucheka. Safari ile aliifanya mwenyewe Ramadhani iliyopita, na njaa yake aliikumbuka.

"Bombay mpaka uwanja wa ndege wa Siib ni kama maili elfu, karibu saa tatu angani. Saa zao zimetutangulia kwa saa moja na nusu. Ndege inaelekea upande wa magharibi, inalifukuza jua. Ungeshuka Siib kumi na mbili kasorobo, jua bado juu ya milima. Kwenye ndege hiyo hafuturu mtu, Nadhir. Umehesabu kwa magharibi ya Bombay."

Nadhir alikaa chini.

"Nilipanda ya mchana," alisema. "Shukriya alinipigia simu asubuhi. Nikamwambia, ningojeeni, nimwone uso tu. Nimefika alasiri, namkuta mzee anageuza maji. Akanambia maiti hangoji mtu, wamemzika adhuhuri. Nikamwambia, ni saa tatu tu, ami, mmeshindwa? Akanambia, 'Hata ungekuwa Maskati nisingekungoja.' Nikamsukuma. Akaangukia jiwe."

Humoud aliinamisha kichwa. Thuwaini alitafuta neno la kumlaumu mzee, asilipate. Kumharakisha maiti ndiyo desturi, na yeye mwenyewe alimzika mama yake hivyo hivyo. Akatafuta la kumwokoa Nadhir. Hilo pia hakulipata.

"Halafu?"

"Nikakimbilia makaburini. Mawe matupu, Bwana Thuwaini, hayana majina. Makaburi mapya yako matatu. Na nimuulize nani, nami nasema sijafika?"

Nyuma ya mlango Shukriya alipiga ukelele mmoja.

Thuwaini alimfunga Nadhir pingu taratibu, kama anayemfunga mgonjwa bandeji.

"Kabla ya gari kukupeleka gerezani Nizwa tutapita makaburini," alisema. "Nitawaita waliomzika. Nitakuonyesha alipolala mwanao, wallahi."