Mkanda wa Mwisho wa Bi Szeto

Kopo la filamu lilikuwa tupu.

Inspekta Yim alilinusa. Siki kali ikampanda puani.

"Filamu kuukuu ikioza hunuka hivyo," alisema fundi wa mitambo ya sinema. "Na hii ndiyo nakala pekee. Imekutwa juzi tu, stoo ya sinema iliyofungwa Manila."

"Ufunguo unao wewe."

"Ningeiba, ningekuita?"

"Wengi huita."

Kitini aliketi Bi Szeto Lin-fong, aliyeongoza filamu enzi ambazo Hong Kong nzima ilimwona mwanamke studioni kuwa ni wa kumimina chai tu. Alisahauliwa miaka thelathini. Jioni hii angekumbukwa kwa onyesho hapa ukumbini, lakini bila mkanda wa mwisho, wenye kilio cha mjane, filamu yake haikuwa na kichwa wala miguu.

"Nani mwingine aliingia?"

"Dada Kwai, yaya wangu," alijibu Bi Szeto. " Aliniletea supu. Ndiye yule mjane kwenye filamu."

Dada Kwai alikuwa miongoni mwa wanawake wa desturi ya zamani waliofunga nywele usichanani, ishara ya kuapa kutoolewa. Chumba chake kilinuka siki tangu ngazini.

"Napika miguu ya nguruwe kwa siki na tangawizi, mwanangu."

Sajini Lok, aliyefuatana na Yim, alimeza mate. Yim hakumeza. Hicho ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua.

"Nani kajifungua, shangazi?"

"Jirani."

"Jirani gani huyo, na jengo zima hakuna aliyegawiwa yai jekundu la kutangaza mtoto?"

Jiko lilikuwa baridi. Yim alifunua sufuria, akaukuta mkanda, mkavu, unanuka siki wenyewe.

"Kiapo nilikivunja," alisema bibi kizee. "Nilizaa kwa siri, mtoto akalelewa kijijini. Siku ya kupiga picha nikaletewa habari kwamba amekufa. Nikaanguka palepale nikilia. Watu wakasema nimeigiza vizuri! Sikuigiza. Sasa walipe kiingilio wanitazame?"

"Mbona hukuuchoma?"

"Mwanangu hakuwa na matanga mengine."

Yim alirudi ukumbini na mkanda, amekunja uso.

"Bi Szeto, ulijua analilia nini?"

"Nilijua. Mpiga picha alitaka kuzima kamera, nikamshika mkono."

"Na leo?"

"Leo watu wameshakaa. Nipe mkanda wangu, Inspekta."

Kisheria ulikuwa wake. Yim alimpa, na moyo ukamuuma.